Mguu wa Mama na Fadhila za Mheshimiwa

Petrokastro, 8 Machi 1987

Mdogo wangu Lambros,

Pokea salamu za nyumbani, na za mbuzi pia, maana yule mweupe amezaa mapacha na mama amempa mmoja jina lako. Anasema anafanana nawe kwa sababu haitiki akiitwa. Theluji bado imelala Karidohori, upande wa juu wa kijiji chetu. Mkahawa wa baba ungali umefungwa, na paa linavuja juu ya meza ya dirishani. Jirani Stamata amekufumia soksi nyingine, nazo ni mbaya kama zile za kwanza. Zivae.

Sasa jambo lenyewe. Kile kidonda cha mama hakikupona. Sukari imepanda, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimegeuka rangi. Nilimshusha hapa mjini kwa daktari. Daktari akasema vikatwe haraka, ni operesheni ndogo, na mguu utapona. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akavaa soksi, akasema, "Baba yao alipasuliwa tumbo mwanawe akiwa hayupo, na hakuamka. Mimi hanigusi mtu mpaka Lambros asimame pale mlangoni." Daktari akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sakafu. Unamjua.

Kwa hiyo wewe unahitajika hapa. Sheria inasema mwana pekee wa kiume wa mjane mgonjwa ana haki ya kuhamishiwa kambi ya karibu na kwao. Ni haki, Lambros, haiombwi. Nimejaza fomu zote na kuzipeleka mwenyewe katikati ya Februari. Wakati tunangoja, kwa nini huombi ruhusa ya siku chache tu?

Uliuliza kazi yangu ikoje. Basi jua dada yako, aliyesoma Kigiriki cha kale miaka minne na anayengoja zamu yake ya kuajiriwa ualimu, anafanya nini kwa mbunge. Kila asubuhi mzee Thodoris, msimamizi wa ofisi, anapigiwa simu na watu wao wa Athens. Wanamsomea majina: pensheni ya nani imepita, nani ameunganishiwa simu, mtoto wa nani amefaulu kuingia chuo kikuu. Mambo hayo yamekwisha kuamuliwa, kwa haki na kwa foleni, ila wenyewe hawajajua. Mimi nakimbia posta kutuma telegramu ili itangulie barua ya serikali: "Kufuatia jitihada zangu binafsi, nina furaha kukujulisha..." Wiki inayofuata mtu anakuja na chupa ya asali, machozi yanamtoka, anambusu mkono Mheshimiwa Vayanos kwa kitu ambacho Mheshimiwa hakukigusa hata kwa kidole. Nami ndiye ninayepokea asali.

Kula vizuri. Jibu lile swali la ruhusa.

Dada yako,
Evanthia


Mpakani, Evros, 22 Machi

Dada Evanthia,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa huyo mbuzi mwenye jina zuri. Huku tunaangalia mto, na mto unatuangalia. Baridi imepungua, matope yameongezeka. Soksi za Stamata nimezivaa. Wenzangu wanasema adui akiziona atarudi kwao mwenyewe.

Habari ya mama nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Sasa nisikilize, na usinifanyie falsafa. Wewe unakaa nje ya mlango wa mbunge. Kila siku unamwona akitoka msalani! Watu wanateremka milimani na punda, wanalala kwenye benchi, wamwone kwa dakika moja. Wewe unashindwa kufungua mdomo useme, "Mheshimiwa, ndugu yangu yuko mpakani na mama anaumwa"? Hapa kambini kila aliyehamishwa alikuwa na mtu wake. Mmoja ana baba wa ubatizo ambaye ni mbunge, mwingine mjomba wake kanali. Mimi nina dada mwenye digrii. Wananicheka.

Haki, haki. Haki haina simu, dada. Mheshimiwa anayo.

Mwombe. Nimekwambia, mwombe. Mkono mtupu haulambwi, basi mpelekee jibini la mama.

Mama asikanyage baridi.

Lambros

Kuhusu ruhusa, sasa hivi haiwezekani. Mambo ya jeshi.


Petrokastro, 5 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Tuko katikati ya Kwaresima, naye hali nyama wala jibini, na kwa mara ya kwanza daktari na kasisi wamekubaliana juu ya jambo moja. Sasa anatembelea fimbo. Kidole cha tatu nacho kimeanza. Daktari haongei tena kwa upole. Mimi namsihi, yeye ananijibu, "Lambros amesema anakuja lini?"

Nilimwomba. Nimeandika neno hilo na mkono wangu umekuwa mzito, lakini nilimwomba.

Nilingoja wakulima wamalize. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyetaka simu nyumbani kwake, kwa sababu mkewe ana ugonjwa wa moyo. Amengoja miaka. Mheshimiwa akampigapiga begani: "Simu? Ukifika tu nyumbani utaisikia inalia!" Mzee akacheka, akaacha kuku wawili wamefungwa miguu chini ya meza yangu. Jina la mzee lilikuwa limeshasomwa kwenye simu ya asubuhi. Mheshimiwa alilijua. Mimi nililijua. Kuku pia, nadhani.

Nikaingia. Nikasema. Akaniita binti yangu.

"Binti yangu, mbona umekaa kimya muda wote huu? Hesabu jambo limekwisha!"

"Sheria inampa haki, Mheshimiwa. Nataka tu isicheleweshwe."

"Sheria," akasema, akimtazama mzee Thodoris. "Thodoris, umesikia? Sheria." Wakacheka, bila ubaya, jinsi watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Halafu akaniomba kitu kingine, cha familia yetu. Sitakiandika. Nilimjibu kwamba si changu kukitoa. Akasema, "Fikirieni, hakuna haraka." Nami nilitoka nikijua kwamba haraka ilikuwepo, na ilikuwa mguuni mwa mama.

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka: mwanajeshi ambaye mama yake anaoza mguu hupewa ruhusa. Kwa nini wewe hupewi?

Evanthia


Mpakani, 10 Mei

Dada Evanthia,

Kristo amefufuka. Najua nimechelewa, Pasaka imepita zamani, na najua umenitukana. Tulichoma kondoo wanne kambini, kapteni akacheza ngoma akaanguka. Mama aligonganisha mayai mekundu ya Pasaka na nani mwaka huu, na la nani lilipasuka? Natumaini alishinda.

Nilikaa kimya kwa sababu ya swali lako. Haya, chukua jibu. Februari nilimpiga sajini. Alisoma barua ya mama kwa sauti mbele ya wote, ile yenye makosa ya herufi, akaiga na sauti yake. Nilimpiga ngumi moja tu, lakini ilimpata vizuri. Nilifungwa, na ruhusa zangu zote zikafutwa mpaka kiangazi. Usimwambie mama.

Sasa habari njema. Wewe na haki yako mlipolala, mimi nilimwandikia Mheshimiwa mwenyewe. Ndiyo, mimi, kwa mwandiko wangu mbaya. Akanijibu upesi, mtu mwema sana. Akaniuliza kuhusu mkahawa wa baba, kama tungemwachia awe na ofisi yake pale kijijini, mahali pa kuwasikiliza watu, na picha yake mlangoni. Paa atalitengeneza yeye. Nikamwambia sawa. Nilimpa neno langu. Mkahawa umefungwa bure, dada, unavuja, na panya ndio wateja. Najua baba hakutaka kuwaona watu wa Mheshimiwa ndani. Baba amekufa, mama yu hai.

Na juzi nimepata telegramu! "Kufuatia jitihada zangu binafsi, suala lako liko katika hatua za mwisho." Nimeionyesha kambi nzima. Hata sajini ameisoma, kimyakimya safari hii.

Unaona? Barua moja tu.

Lambros


Petrokastro, 29 Mei

Lambros,

Leo sina salamu. Mama yu hai, hizo ndizo habari za nyumbani.

Mkahawa ndicho kitu nilichokataa kukiandika Aprili. Aliniomba mimi kwanza. Nikasema ni wa mama. Akaja kwako kwa mlango wa nyuma, na wewe ukamfungulia. Mkahawa ambao baba aliufunga mwenyewe siku tatu nzima ule mwaka wa uchaguzi, watu wa Vayanos walipotaka kubandika mabango yao, akakaa kizingitini na fimbo! Lakini subiri, hilo si kubwa. Ingekuwa ni hilo tu ningekutukana kwa mstari mmoja na kukusamehe kwa mwingine.

Asubuhi ya leo mzee Thodoris alitoka kunywa kahawa. Simu ikalia. Ni rafiki yao mmoja wa Athens, anayekaa mahali amri za jeshi zinapopitia. Hakuuliza anaongea na nani.

"Mwambie Mheshimiwa," akasema, "ile amri ya askari wa Karidohori, mtoto wa mjane, nimeikalia tangu Machi. Iliposainiwa tu niliiweka kando kama mlivyosema. Sasa mkuu wangu ameanza kuuliza. Niiachie au bado?"

Soma tena, mdogo wangu. Tangu Machi. Wakati huo hakuna aliyekuwa amemwomba mtu chochote. Karatasi nilizopeleka mimi zilifika, mtu mmoja ambaye hatutamjua kamwe akazisoma, akaona una haki, akasaini. Ilikuwa imekwisha kabla sijamwomba. Ilikuwa imekwisha wakati anaicheka sheria yangu pamoja na Thodoris. Aliishikilia ili kwanza apate mlango wa kuning'iniza picha yake, kisha akutumie telegramu.

Machi vilikuwa vidole viwili. Wiki hii daktari ameweka kiganja chake juu ya kifundo cha mguu wa mama na kusema, "Sasa ni mpaka hapa, na kesho sijui."

Nilishika ile simu, na moyo wangu ukapoa kabisa. Nikasema, "Mheshimiwa anasema uiachie. Leo hii."

"Sawa, bibie," akasema.

Ndivyo uhamisho wako ulivyotoka. Nimesema uongo kwa jina lake, na nadhani ni mara ya kwanza jina hilo kufanya kazi ya kweli. Bado sijaondoka ofisini. Nangoja mpaka uwe umefika, wasije wakaigeuza.

Ikichelewa tena hata kidogo, mwandikie mama kwamba unamruhusu akatwe bila wewe. Mimi hanisikii.

E.


Mpakani, 1 Juni

Dada!

Imetoka! Wameniita leo asubuhi, amri mkononi, naondoka kesho kwa treni. Wenzangu wamenimwagia ndoo ya maji kichwani, ndivyo tunavyoagana huku. Barua yako bado sijaipata, lakini nitakuwa huko kabla yake.

Nimeshamwandikia Mheshimiwa kumshukuru. Mshukuru na wewe, tafadhali, kwa mdomo wako, usinune. Mwambie mama avae soksi nzuri.

Lambros


Athens, hospitalini, 25 Juni

Mdogo wangu Lambros,

Mama anakusalimu, ameamka, amekula supu, na ameshagombana na wanawake wawili wa chumba hiki kuhusu jinsi ya kupika maharage. Ulisimama mlangoni kama alivyotaka, akakutazama, akasema, "Haya, nipelekeni." Wewe ukabaki kambini Petrokastro, sisi tukaletwa huku, kwa sababu madaktari wa huko waliogopa kukata juu kiasi hicho. Wamekata chini kidogo ya goti.

Mguu huo bado anauhisi. Ananiomba nimkune kidole ambacho hakipo, nami nalikuna shuka.

Siku ile uliyofika tulikuwa na muda mfupi mno. Nilidhani umesoma barua yangu ya Mei, nikadhani kimya chako ni aibu. Sasa nimepata habari kutoka kwa Stamata kwamba ulisimama kanisani Jumapili na kumshukuru Vayanos mbele ya kijiji kizima. Basi ama hukuipata, ama sikujui tena. Naomba iwe la kwanza.

Jana alikuja hapa. Bunge linakaa, hospitali iko njiani. Alivaa suti nyeupe na alileta boksi la peremende lenye utepe. Wagonjwa waliinuka vitandani; hata wasio wa jimbo lake walitaka kumwambia kitu.

"Mama yetu!" akasema. "Tumehangaika wote!"

"Wewe umehangaikia mguu upi?" mama akamuuliza.

Alicheka. Ana kicheko kizuri, hicho hakuna anayemnyima. "Lakini mwanao ulimpata, siyo? Bila sisi angekuwa bado anahesabu vyura mtoni."

Nilikuwa sijamwambia mama. Nilijiambia ni kwa ajili ya moyo wake. Lakini nilipoona mkono wake unaanza kuinuka kutafuta mkono wa yule mtu, jinsi alivyofundishwa tangu utotoni, maneno yalinitoka.

"Ilisainiwa Machi, Mheshimiwa. Rafiki yako aliikalia kwa amri yenu. Mimi ndiye niliyepokea simu."

Wagonjwa wakageuza vichwa. Mheshimiwa hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo sitalisahau. "Binti yangu, wewe umesoma, unajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu akipewa kitu bila kujua nani kampa, hawezi kukithamini. Nimekulisha mwaka mzima. Usiwe na fadhila za punda."

Mama alikuwa ameurudisha mkono wake chini ya shuka. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, taratibu, kana kwamba anataka kuhakikisha bei ya kitu:

"Machi? Machi si vilikuwa vidole viwili?"

Mheshimiwa akaangalia saa. Alipoondoka, mama alimpa muuguzi lile boksi. "Wagawie," akasema, "anza na wenye miguu."

Nimeacha kazi. Nilimwandikia Thodoris mstari mmoja.

Evanthia


Petrokastro, kambini, 19 Julai

Dada,

Barua yako ya Mei imenifikia leo. Imekwenda mpakani, imerudi, imelala kwa sajini, naye ameifungua, mwenye laana. Ile ya Athens niliipata mapema zaidi, nikafikiri umechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Leo nimeziweka pamoja.

Sijui kuandika nilivyo. Nilitoka nikapiga teke ndoo, kisha ukuta, kisha nikakaa nikauangalia mguu wangu. Nilimshukuru kanisani, Evanthia. Nilisema, "Yeye ni baba kwetu." Kasisi alisema amina.

Lakini nina hasira na wewe pia, lazima niseme. Kwa nini hukuniambia Aprili kwamba anautaka mkahawa? Ningejua ni biashara, nisingejidanganya kwamba ni wema. Unaficha vitu kwa sababu vinakuumiza kuviandika, halafu sisi wengine tunavikanyaga gizani.

Na sasa hali ni hii. Funguo nilimpa Thodoris mwezi uliopita. Paa limeshatengenezwa, kuta zimepakwa chokaa, picha yake iko juu ya mlango, kubwa kama dirisha. Atakuja tarehe kumi na tano Agosti, siku ya sikukuu ya kijiji, baada ya ibada, kufungua na kuhutubia. Kijiji chote kinajua kwamba alimwokoa mama. Nimejaribu kumweleza Stamata. Akasema, "Mwanangu, kama si yeye mama yako angekufa kabisa." Nilimweleza muuza mkate. Akasema, "Sasa wewe unataka nini zaidi? Umehamishwa." Kisha akaniuliza kama naweza kumsemea kwa Mheshimiwa kuhusu kibali cha tanuri.

Tena kuna hili. Thodoris ananiambia kuna nafasi kwenye shirika la umeme nikimaliza jeshi. Sijasema ndiyo. Sijasema hapana. Nilikaa nimeshika kofia, dada, kama wale wa kwenye benchi lako.

Nilitoa neno langu, na baba alitufundisha kuhusu neno. Nifanye nini? Niivunje picha yake? Nakuomba kitu kimoja: msije siku hiyo. Mama asifanywe tamasha. Mkae Athens mpaka Septemba, mambo yapoe.

Lambros


Athens, 2 Agosti

Mdogo wangu Lambros,

Salamu. Mama ana magongo mawili mapya na anayatumia zaidi kuwanyooshea watu kuliko kutembelea. Joto la huku ni la kuchemsha mayai.

Una haki kunikasirikia kuhusu Aprili. Sina la kujitetea.

Nilimsomea mama barua yako yote, hata mahali ulipoandika tusije. Hapo alinyoosha mkono akaniambia rudia. Nikarudia. Kisha akasema niandike, na nisirekebishe maneno yake kwa elimu yangu. Basi haya ni yake:

"Lambros. Usivunje kitu. Ulitoa neno, usilirudishe. Mtu wetu hasemwi kwamba alirudisha neno. Wewe ulimpa ukumbi wa kusemea, nami sijampa mtu kimya changu. Mwache aje na suti yake, na kasisi, na ngoma. Shirika la umeme utalijibu mwenyewe, una mdomo.

"Tunapanda basi tarehe kumi na tatu. Tafuta mtu mwenye gari atupokee. Siku ya sikukuu toa meza ya dirishani, weka kiti changu mstari wa mbele katikati, hatua moja kutoka anaposimama yeye. Sitajifunika blanketi magotini, hata dada yako akilia. Sitapiga kelele. Atakapofika pale pa kusema alivyomwokoa mama yenu, nitamuuliza swali moja tu mbele ya watu wote: amri ya mwanangu ilisainiwa mwezi gani?

"Akijua kujibu, nitampigia makofi."